TAHADHARI: Magari ya kifahari ya umeme yaliyotumika yanayofutwa hitilafu ya betri siku moja kabla hujaletwa kuyaona

Wakuu, ukikuta gari la kifahari la umeme lililotumika linauzwa kwa bei ya gari dogo la petroli, tulia kwanza. Usitume arubuni, na usimwambie dalali "nishikie hilo". Soma hapa.

Kuna muuzaji ambaye kazi zake zimenipitia mkononi zaidi ya mara moja. Simtaji, kwa sababu mchezo huu si wake peke yake, na nikimtaja mtadhani mkimkwepa yeye mko salama. Anachofanya ni hiki. Ananunua sedani na SUV za umeme ambazo wenyewe wamezikatia tamaa kwa sababu betri kubwa imeanza kulalamika. Anachomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, anafuta makosa yote, taa ya dashibodi inazimika. Gari linaoshwa, ngozi ya viti inang'arishwa, linapigwa picha jioni jua likiwa zuri. Mnunuzi anakuja, anakanyaga, gari linachomoka kimya kimya, anajikuta anacheka mwenyewe. Analipa. Wiki chache baadaye ujumbe unarudi kwenye skrini, gari linagoma kujaa chaji, na ukimpigia jibu ni lile lile: "Bosi wangu, hiyo ni sensa tu, mwambie fundi wako aifute." Fundi akiifuta, kweli inafutika. Mnunuzi anatulia tena, na muda ambao angeutumia kudai pesa yake unayoyoma.

Kwa nini inarudi? Chukulia Tesla Model S 85, maana ndilo gari la aina hii lililofunguliwa na kuchunguzwa sana na mafundi huru. Betri yake ina seli 7,104 zilizogawanywa kwenye moduli 16. Seli 74 zinaungwa sambamba kuwa kundi moja, halafu makundi 96 yanapangwa mfululizo hadi kufika karibu volti 400. Umeme unaotoka lazima upite kwenye kila kundi. Kundi moja likichoka, likawa linaisha kabla ya wenzake 95, kompyuta ya betri haina namna ila kuibana betri nzima iende kwa mwendo wa lile lililochoka. Hapo ndipo unaona ujumbe kwamba kiwango cha juu cha chaji kimepunguzwa, na ndani ya mfumo kunakuwa na kosa linaloitwa BMS_u029. Ukilifuta hujatibu kitu. Umeiambia kompyuta isahau, nayo inaanza kupima upya, na inahitaji kuona gari likichajiwa na kutumika kwa siku kadhaa ndipo iridhike kwamba ugonjwa bado upo. Siku hizo za kupima upya ndizo anazokuuzia.

Chanzo kikubwa kwenye yale ya miaka ya mwanzo ni unyevu. Betri iko chini ya sakafu, inapigwa na maji ya barabara, na kukiwa na mwanya kwenye vifuniko, maji yanaingia kidogo kidogo. Bodi ndogo zinazopima volti zinaanza kuota kutu, na seli nazo zinafuata. Mwambie fundi anyanyue gari atazame kwa tochi. Silikoni nyeusi mpya iliyobandikwa kwa kidole pembeni mwa kifuniko, au boliti zenye vichwa vilivyochubuka wakati nyingine zote zina vumbi la miaka, zinakuambia kuna mtu alishaingia humo. Muulize muuzaji aliingia kufanya nini. Akibabaika, hapo umeshapata jibu.

Sasa gharama. Mwaka 2021 mtu mmoja huko Ufini alikuwa na Model S ya 2013. Alisema kilomita 1,500 za kwanza zilikuwa nzuri sana, kisha makosa yakaanza kutokea. Gari likapelekwa karakana kwa gari la kuvuta, likakaa huko karibu mwezi, na mwisho akaambiwa dawa ni kubadilisha betri nzima kwa angalau yuro 20,000. Desemba ya mwaka huo akalilipua kwa kilo 30 za baruti huku kamera zikirekodi. Watu walicheka, lakini ukipiga hesabu zake unamwelewa: gari la miaka minane likishadaiwa pesa hiyo, thamani yake yote imeingia kwenye betri.

Hiyo ni bei ya betri kamili. Fundi huru anaweza kukubadilishia moduli moja kwa pesa ndogo zaidi, na hapa pana changa la macho la pili. Moduli iliyotolewa kwenye gari jingine haina umri sawa na zile 15 zilizobaki. Zitaelewana mwanzoni, kisha zitaanza kuachana, na utarudi palepale na kosa lilelile. Ukiambiwa "betri imefanyiwa ukarabati", usiichukulie kama sifa njema. Uliza kilichobadilishwa, moduli ilitoka wapi, nani alifanya kazi hiyo na kama alitoa dhamana ya maandishi. Na jamani, hiyo si kazi ya fundi wa kawaida mwenye spana na moyo wa ujasiri. Volti 400 za umeme wa DC zinaua.

Kabla ya kulipa, mambo mawili hayana mjadala.

Kwanza, lione likichaji hadi asilimia 100 mbele ya macho yako. Muuzaji wa aina hii atakuletea gari likiwa na chaji ya kati, na skrini ameiweka ionyeshe asilimia badala ya kilomita. Atasema chaja iko mbali au umeme umekatika. Badilisha mwenyewe kwenye mipangilio ionyeshe umbali. Model S 85 ilipotoka ilikadiriwa na mamlaka ya Marekani kwenda maili 265, yaani kama kilomita 426. Ikijaa ikaonyesha kilomita 370 hivi, huo ni uzee wa kawaida. Ikigota njiani au ikionyesha 250, shuka, mshukuru kwa muda wake, ondoka. Jaribu pia chaja ya haraka, maana kuna magari yanayokubali umeme wa nyumbani ila kwenye chaja ya haraka yanasuasua au yanakataa kabisa.

Pili, soma data ya betri mwenyewe, kwa kifaa chako, si picha ya skrini uliyotumiwa kwenye simu. Kuna programu kama Scan My Tesla inayotumia kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye gari. Inakuonyesha volti za makundi yote 96. Kwenye betri yenye afya iliyopumzika, tofauti kati ya kundi la juu na la chini ni milivolti chache tu. Kundi moja likiwa limejitenga chini peke yake, umeshampata mgonjwa hata kama dashibodi ni safi kabisa.

Programu hiyohiyo inakukamatia wanaorudisha mita nyuma, na hili nalipenda kuliko yote. Odomita inaweza kuchezewa, lakini betri nayo ina daftari lake: jumla ya umeme uliowahi kutoka tangu izaliwe. Tuseme odomita inasoma kilomita 70,000. Gari la ukubwa huo linakula kama kilowati-saa 20 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo unategemea jumla ya kilowati-saa 14,000 hivi. Ongeza kidogo kwa sababu ya umeme unaorudi betrini wakati wa kufunga breki kisha kutumika tena. Ukikuta 46,000, hakuna breki inayoeleza tofauti hiyo. Gari limetembea zaidi ya kilomita laki mbili, huenda lilikuwa teksi. Ukikuta pungufu mno nako uliza, maana yawezekana betri si ile iliyotoka nayo kiwandani.

Magonjwa mengine nitayapitia haraka, ingawa bili zake si za haraka. Mota kubwa ya nyuma ya Model S inapoozwa kwa maji yanayopita ndani ya rota, na sili yake ikichoka maji yanavuja ndani ya mota na kupanda hadi kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuzungusha mota. Fundi anayejua anachomoa sensa ya mwendo ya mota na kuitazama: ikitoka kavu, vizuri, ikitoka imelowa, hesabu maelfu ya dola. Vishikio vya milango vinavyojitokeza vyenyewe vinakufa kimoja baada ya kingine. Sasipensheni ya upepo, ukikuta gari limelala upande mmoja asubuhi, inavuja. Model X, ile SUV ya Tesla, ikitetemeka unapokanyaga kwa nguvu, mara nyingi ni ekseli za mbele. Skrini ya kati nayo ina historia yake. Kwenye Model S za 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018, chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 ilikuwa inachakaa kwa kuandikwa mno, na ikifa inaondoka na kamera ya nyuma na vidhibiti vya kuondoa ukungu kiooni. Februari 2021 magari 134,951 yaliitwa kurekebishwa Marekani kwa sababu hiyo. Muulize muuzaji kama hilo lilifanyika, na uone karatasi.

Tusidhani ni Tesla tu. Jaguar I-Pace ziliitwa zaidi ya mara moja kwa hatari ya betri kushika moto, na mwaka 2024 kampuni iliamua kuzinunua tena karibu 2,760 za mwaka wa modeli 2019 nchini Marekani, huku wenye nazo wakishauriwa wasizidishe chaji ya asilimia 80 na waegeshe mbali na nyumba. Porsche Taycan zote zilizokuwa zimetengenezwa ziliitwa mwaka 2024 kwa mipira ya kupitishia mafuta ya breki za mbele iliyoweza kupasuka. Kuitwa si dhambi, hurekebishwa bila malipo. Shida ni gari lililohamishwa nchi hadi nchi bila kurekebishwa, likafika kwako ambako hakuna wa kukuita. Namba ya chasi unayo. Itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji na ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani kabla hujazungumza bei. Muuzaji anayeificha namba ya chasi kwa kidole kwenye picha hafichi chasi, anaficha historia ya gari.

Namba hiyohiyo itakuambia kama gari liliwahi kuandikwa limeharibika kwa ajali au mafuriko. Hapa sina lugha laini: gari la umeme lililozama kwenye maji ya chumvi usilichukue hata kwa zawadi. Baada ya kimbunga Ian huko Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama yaliwaka moto, mengine siku nyingi baada ya maji kuondoka. Nyanyua zulia la buti, pitisha kidole kwenye nyaya za chini ya viti. Unga mweupe au wa kijani kwenye viunganishi si vumbi. Isitoshe, Tesla iliyoandikwa kuwa ya ajali huweza kufungiwa kutumia chaja za haraka za kampuni, jambo ambalo muuzaji "husahau" kulisema.

Na usinunue maneno yaliyo kwenye skrini. Mwaka 2022 lilitangazwa sakata la Model S iliyotoka kiwandani kama 60 (yaani betri ya kilowati-saa 60), ikabadilishiwa betri kuwa 90 na kuuzwa hivyo. Mmiliki wa tatu alipokuja, kampuni ikaishusha kwa mbali kuwa 60, akapoteza maili kama 80 za safari na kuambiwa alipe dola 4,500 kuzirudisha. Kelele zilipozidi wakalegeza, lakini si kila mtu ana wa kumpigia kelele. Uendeshaji wa kujitegemea, chaji ya bure, hivyo vyote vinaweza kuwa vya mmiliki wa kwanza na si vya gari. Hakikisha muuzaji amelitoa gari kwenye akaunti yake na limeingia kwenye yako kabla pesa haijahama. La sivyo, unaendesha gari ambalo mtu mwingine analiona lilipo na kulifungua kwa simu yake.

Kama umeshalipa na ujumbe umeshatokea: usikubali mtu yeyote alifute, hata muuzaji akisema analifanya bure. Piga picha ya skrini ikiwa na tarehe na odomita, toa ripoti kamili ya makosa na volti za makundi, hifadhi tangazo na meseji zote alizokuahidi "betri safi". Peleka kwa fundi wa magari ya umeme akuandikie, mtumie muuzaji dai lako kwa maandishi, kisha nenda kwa wanaoshughulikia haki za walaji au polisi mapema. Chaji hadi 70 au 80 tu, usilimalize hadi chini, na usiliegeshe ndani ya gereji usiku mpaka aliyepima akuambie ni salama.