Mashine ya kukereza mbao: pima mguu wa meza kabla hujalipa

Ukienda kununua mashine ya kukereza, usitangulize bei wala nguvu ya mota. Tanguliza futi. Pima kazi ndefu kuliko zote unazotengeneza. Mguu wa meza ya kulia hufika sentimita 72 hivi, nguzo ya ngazi hukaribia 90. Mashine ya benchi inayoitwa "12 kwa 21" hupokea mti wa inchi 21 kati ya ncha mbili zinazoushika, yaani sentimita 53. Bakuli, mchi na mguu wa stuli vinapita. Mguu wa meza haupiti, na kuuunga kwa gundi katikati ni kumdhulumu mteja.

Hiyo 12, nayo kwa inchi, ni kipenyo cha kitu kinachoweza kuzunguka bila kugonga kitanda cha mashine. Kwa kazi ndefu hupungua kidogo, maana kitako cha egemeo la patasi hupita chini yake.

Kwa karakana ya fremu moja, chaguo langu la kwanza ni hiyo hiyo ya inchi 12, lakini yenye kipande cha kurefusha kitanda. Ukikifunga unapita mita moja, ukikifungua nafasi yako inarudi. Horspawa moja ya fezi moja inatosha. Hakikisha kasi inashuka chini ya mizunguko 500 kwa dakika. Wakerezaji wana hesabu yao: kipenyo kwa inchi mara mizunguko, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 basi linataka 600 hadi 900, na gogo ambalo bado halijawa duara huanzia chini zaidi. Mashine isiyoshuka itakurushia gogo usoni.

Ya pili ni ile ya kuchomelewa na mafundi wetu, na kama kila siku unakereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, kwako hii ndiyo ya kwanza. Inakatwa kwa urefu unaoutaka, mota na mikanda yake inapatikana mtaani, na chaneli nzito za chuma hutulia. Uzito ni jambo kubwa. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na miguu ya bati, ikawa inatembea sakafuni kila nikifunga mti wenye kombo, hadi nilipoibebesha magunia mawili ya mchanga. Kabla ya kulipa, sogeza kichwa cha nyuma mpaka ncha yake ikutane na ile ya kichwa cha mbele. Zikipishana hata milimita moja, irudi ikarekebishwe. Shika mhimili unaozungusha mti uutikise: ukicheza, beringi si nzima. Na mwambie fundi achonge nyuzi za mhimili kwa kipimo cha kawaida, inchi 1 yenye nyuzi 8 au M33 kwa 3.5, ili taya za kushikia mti zinazouzwa dukani ziingie.

Ya tatu ni mtumba mkubwa wa chuma cha kusubu. Ni imara mno, ila soma kibao cha mota. Ya Marekani ya volti 110 na hezi 60 haiponi kwa transfoma peke yake, kwani transfoma hubadilisha volti, hezi za umeme wetu hubaki 50, na mota huzunguka polepole na kupata joto. Ya fezi tatu inaweza kuendeshwa kutoka fezi moja kwa inveta ya mota (VFD), si ile ya betri.

Ndogo ya inchi 8 inafaa chumbani, kwa kalamu na vishikizo vya mpingo. Zile za kufungia drili, usinunue.

Bakiza pesa ya bobari, patasi, kinoo, ngao ya uso na barakoa nzuri. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuumiza kifua. Ukiifunga mashine, mhimili uwe usawa wa kiwiko chako ukiwa umesimama. Ukiwa chini ya hapo, mgongo utauma kabla ya mguu wa pili wa kitanda kuisha.