Miezi 14 na mashine ya CPAP hapa Uyole: adui alikuwa kochi

Nianze na daftari. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea lake akaniuliza, "Mwalimu, huu mstari mwekundu maana yake nini?" Ulianzia kwenye swali la tatu ukateremka ukurasa mzima hadi ukingoni. Haukuwa na maana yoyote. Nilikuwa nimesinzia kwenye kochi na kalamu mkononi, saa tatu usiku, na mashine ya CPAP, ya kutibu apnea ya usingizi, iko chumbani ina mwezi wa tatu tangu niinunue kwa zaidi ya milioni mbili. Bima haikunisaidia hata shilingi.

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: apnea ya usingizi ni koo kulegea na kuziba ukiwa umelala, pumzi inakatika, ubongo unakushtua uvute hewa, kisha mchezo unaanza upya. Nilipopimwa Dar es Salaam, nikiwa na kifaa kidoleni, vimirija puani na mkanda kifuani, pumzi yangu ilikatika au kupungua mara 34 kwa saa. Kuanzia 30 wanaiita kali. CPAP inapuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Haitoi oksijeni, ni hewa ileile ya chumbani kwako. Mke wangu, mama Neema, anaiita kompresa, kama ya kujazia matairi, na hakukosea sana: ile ya kwanza ya daktari Colin Sullivan kule Australia, iliyoandikwa kwenye jarida la madaktari mwaka 1981, ilitumia mota ya mashine ya kufyonzea vumbi.

Wiki ya kwanza kukoroma kuliisha. Kabisa. Watoto chumba cha pili walidhani nimesafiri. Lakini mchana darasani niko vilevile, kichwa kizito, na jioni nikishakula tu kichwa kinaanguka. Nikaanza kuilaumu mashine.

Daktari aliitazama kadi ya kumbukumbu ya mashine akaniuliza, "Mwalimu, unalala masaa mangapi kwa usiku?" Nikamwambia saba. Akanigeuzia kompyuta: masaa manne na dakika kumi. Tukahesabu pamoja. Saa mbili na nusu baada ya taarifa ya habari nimeshasinzia kwenye kochi, bila barakoa, kidevu kifuani, mkao ambao wenyewe unabana koo. Saa tano naamshwa niende kitandani, na huko usingizi umekwenda zake. Najigeuza hadi saa sita na nusu ndipo navaa barakoa. Saa kumi na nusu niko macho. "Usingizi ni kama njaa," akasema, "ukishakula maandazi jioni, ugali utaukataa." Na maandazi yenyewe, yaani yale masaa ya kochi, nilikuwa nayala huku pumzi inakatika kama zamani.

Kwa hiyo ukisoma mtu analalamika kuwa CPAP haimsaidii, muulize kwanza jioni anakaa wapi.

Kuacha kusinzia ndiyo kazi ngumu kuliko kuzoea barakoa. Mbeya tuko juu, kama mita 1,700, na Juni na Julai baridi inakusukuma ukae karibu na joto. Kwetu ilikuwa jiko la mkaa sebuleni, mlango umefungwa. Hilo nimelitoa kabisa. Hewa ya mkaa inaua mtu aliyesinzia bila hata kumshtua, na usijidanganye kwamba mashine itaichuja. Chujio lake ni la vumbi. Sasa nasahihishia daftari mezani kwenye kiti cha mbao, nikishamaliza kula natoka kufunga kuku, na vyombo vya usiku ni vyangu. Majirani walicheka sana hilo la vyombo. Usingizi ukinizidi, hata kama ni saa tatu, naenda kitandani na kuvaa barakoa. Baada ya wiki tatu hivi kadi ilianza kuonyesha masaa sita na nusu, na daftari hazina mistari tena.

Sasa kasoro. Baridi yetu na kile chombo cha mashine cha kuipa hewa unyevu hawaelewani. Hewa yenye unyevu inapoa ndani ya bomba inageuka maji, na usiku wa manane unashtuka puani kunalia blublublu kama unazama. Dawa: shusha kiwango cha unyevu, weka mashine chini kuliko kitanda ili maji yarudi kwenye tangi, na livishe bomba nguo. Langu lina soksi ndefu ya kitenge aliyoshona mama Neema. Tangi naweka maji yaliyochemshwa yakapoa, asubuhi namwaga, na chokaa ikiganda naloweka kwa siki. Kuna mtu alinishauri maji ya betri. Usithubutu.

Umeme ukikatika, mashine inazima na unaamka umebanwa. Fundi wa sola kule Mwanjelwa alinifungia betri na inverta. Nikizima kipasha joto cha tangi betri inafika asubuhi, nikikiwasha haifiki, maana hicho ndicho kinachokula umeme. Barakoa ya kwanza niliyouziwa ilikuwa kubwa, ikawa inapulizia machoni. Kuibadilisha kulichukua wiki mbili za simu na vifurushi vya basi kutoka Dar.

Anayefikiria ya mtumba: uliza ni toleo gani. Juni 2021 Philips walitangaza kurejesha mamilioni ya mashine zao kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ingeweza kumeguka ukaivuta. Na ukiwa huku juu, hakikisha inajirekebisha kufuata mwinuko. Nyingi za kisasa zinajirekebisha, za zamani zinataka kuwekwa kwa mkono.

Naipa nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya vipuri.

Jumapili bado inanishinda. Nikitoka ibadani, nikala kande, mpira ukianza saa kumi, macho yanajifunga yenyewe. Juzi nimezinduka nikamkuta mama Neema amesimama mbele ya kochi, kompresa kwapani, bomba na kitenge chake vinaburuta sakafuni. "Baba Neema, chagua. Uvae hapa hapa wageni wakuone, au uende chumbani."