Reale ya Maria Theresa ya 1780: kabla hujanunua sarafu iliyobeba biashara ya Aden

Maria Theresa wa Austria alifariki Novemba 1780, na mpaka leo kiwanda cha sarafu cha Vienna kinafua reale zenye sura yake na mwaka huohuo. Wazee wa Pwani waliiita reale ya Sham, wakiitenga na reale ya mzinga ya Wahispania. Anayetaka kushika mkononi fedha iliyonunua buni ya Yemen na ngozi za Berbera kupitia bandari ya Aden wakati wa Waingereza, basi ni hii. Inafaa kabisa kununuliwa. Kasoro iko kwa wauzaji: wengi wanauza tarehe iliyoandikwa badala ya madini ya fedha yaliyomo.

Tarehe hiyo haithibitishi umri. Mbali na Vienna, reale ya 1780 ilifuliwa pia Roma kuanzia 1935, baada ya Mussolini, mtawala wa Italia, kupata mihuri ya kufulia kutoka Austria kwa ajili ya vita vyake vya Uhabeshi. London ikafuata 1936, Bombay 1940 na 1941, kisha Birmingham baada ya vita. Hata herufi S.F. chini ya kifua cha malkia, ambazo ni za maofisa wa kiwanda cha Günzburg, zilinakiliwa na hao wote. Muuzaji akikwambia yake ni "ya asili ya karne ya 18 kwa sababu ina S.F.", mwombe ushahidi mwingine au umpe bei ya fedha tu.

Vipimo ndivyo vya kuamini. Reale nzima ina uzito wa gramu 28.07, kipenyo cha milimita 40 hivi na unene wa 2.5. Fedha ni sehemu 833 kwa 1000, yaani gramu 23.39 za fedha safi, na zilizobaki 4.68 ni shaba. Upande mmoja kuna malkia mwenye shela la ujane. Upande wa pili, tai mwenye vichwa viwili. Ukingoni pamezungushiwa maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ukingo huo si pambo. Sarafu yenye ukingo mtupu hukwanguliwa kidogokidogo na mwizi wa fedha bila mtu kujua. Hii, ukiikwangua, maandishi yanakatika na sarafu yenyewe inakushtaki. Hapo ndipo imani ya wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu ilipojengwa, pamoja na uzito ambao haukubadilika hata serikali zilipobadilika. Pwani ya Uswahilini, wakia yenyewe ilihesabiwa kuwa ni uzito wa reale moja, na wakia 16 zikafanya ratli.

Kwa Aden, ubora huo ulikuwa na gharama yake. Waingereza waliuteka mji 1839 na kuutawala kutoka India hadi 1937, kwa hiyo ndani ya mji hesabu ziliandikwa kwa rupia. Nje ya mji, kwenye milima inakolimwa kahawa, mkulima alitaka reale. Baada ya Aden kufanywa bandari huru 1850, buni iliyokuwa ikitokea bandari ya Mokha ilianza kumiminikia huko, na tajiri wa Crater, mji mkongwe wa Aden, akalazimika kuishi kwa sarafu mbili: ananunua kwa reale, anauza kwa rupia au pauni. Reale zilikuja kwa meli kutoka Trieste, bandari ya Austria wakati huo. Msimu wa buni ukifika na meli haijafika, reale inapanda bei mjini na faida ya kahawa inaliwa na ubadilishaji. Na mzigo haukuwa mwepesi: reale 1,000 ni kilo 28, na 5,000 ni kilo 140, karibu mzigo mzima wa ngamia.

Mpaka 1893 hesabu ilikuwa na utulivu, kwa kuwa rupia nayo ilikuwa sarafu inayofuata bei ya madini ya fedha. Rupia moja ilikuwa na gramu 10.69 za fedha safi, kwa hiyo reale, kwa madini yake, ilikaribia rupia 2.2. Zanzibar waliweka kiwango cha reale 47 kwa rupia 100, yaani rupia 2 na thumni kwa reale moja, na kiwango hicho kinalingana vizuri na mizani. Juni 1893 serikali ya India ikafunga viwanda vyake kwa watu binafsi waliokuwa wakipeleka fedha ifuliwe rupia. Rupia ikaachana na bei ya fedha, ikapandishwa hadi peni 16 za Kiingereza; reale ikabaki na madini yake na kushuka nayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 fedha iliyomo ndani ya reale ilikuwa na thamani isiyofika rupia moja na nusu. Aliyeweka akiba ya reale ghalani na deni la rupia benki aliumia vibaya. Jambo hili linastahili kukumbukwa na kila anayenunua reale leo kama akiba: ni fedha, inapanda na kushuka na fedha, na picha ya malkia haiizuii.

Sasa ununuzi wenyewe. Chukua mizani ya sonara inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu. Mpya isome karibu 28.07. Iliyotembea sana inaweza kupungua sehemu chache za gramu kwa kulika. Ikipungua gramu nzima, iache. Ikizidi, tazama juu ya kichwa cha malkia: nyingi zilitiwa kitanzi na masonara wa Yemen na Oman ziwe mikufu, na alama ya lehemu hubaki hata kitanzi kikitolewa. Hiyo si bandia, ila thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka.

Kipimo kinachokamata bandia nyingi ni cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha tumbukiza reale ikining'inia kwa uzi bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Mizani isome karibu gramu 2.75. Bandia ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma zaidi ya 3, kwa kuwa madini hayo ni mepesi na yanachukua nafasi kubwa zaidi. Sumaku haitoshi: inakamata chuma, lakini mchanganyiko wa shaba unapita bila kuguswa. Halafu tumia lenzi. Wanunuzi wa Arabuni walihesabu lulu za bruchi ya begani, ambazo ni tisa, na wakachungulia manyoya ya tai. Bandia ya kumimina kwenye kalibu huwa na lulu zilizoungana na herufi za ukingoni zilizofifia.

Kati ya mpya za Vienna, kuna ya kawaida na ile ya mng'ao wa kioo. Chukua ya kawaida. Ya kioo ni nzuri machoni, lakini inauzwa ghali zaidi kwa fedha ileile, na alama ya kidole tu inaiharibu. Kwa bei, zidisha bei ya gramu ya fedha ya siku hiyo kwa 23.39; nyongeza ya muuzaji ikipita robo ya jumla hiyo kwa sarafu ya kawaida, tafuta duka jingine. Sarafu zilizotumika, zinazopatikana hata kwenye soko la Matrah, Muscat, ndizo zenye ladha ya biashara hii, na zikipita mizani na maji sioni sababu ya kuzilipia pungufu ya mpya.

Usiisugue kwa dawa ya meno wala poda ya kung'arishia. Weusi wake ni ngozi ya fedha iliyokaa, na ukiutoa, mistari midogo ya msuguano haifutiki. Mifuko ya plastiki laini ya PVC huacha utando wa kijani. Tumia kasha gumu la akriliki lenye nafasi ya milimita 41, kwa kuwa kipenyo hutofautiana kidogo kutoka kiwanda hadi kiwanda na lile la 40 kamili huenda likabana.