Nyanya: mche wa trei au wa kung'oa kitaluni?

Virusi vya batobato ya nyanya hukaa kwenye mabaki ya mizizi ardhini zaidi ya mwaka, ila haviwezi kutoboa ukuta wa seli, husubiri jeraha.

Bustani nyingi kandokando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, Ilemela hadi Magu, kitalu cha tuta ndicho rahisi. Lakini ukiung'oa mche, vinyweleo vya mizizi hukatika, na kila mkato ni mlango. Hapo hubaki kinga ya ndani: vimeng'enya vya mmea hukatakata RNA ya virusi (chembe inayobeba maelekezo yao ya urithi) vipande vifupi vya nyukleotidi, yaani viungo vya RNA, 21 hadi 24. Kwa bahati mbaya, virusi hivi vina protini ya kuizuia kinga hiyo.

Mche wa trei huhamishwa na bonge lake la udongo, mizizi mizima. Mwagilia saa moja kabla ya kuuchomoa, la sivyo bonge hubomoka. Ukijaza trei udongo wa shamba la nyanya la zamani, umelipia bure.