Kabati la kuonyeshea treni za matofali: mlango safi, rafu aibu

Nianze na jibu kwa asiye na muda: usinunue. Au nunua, lakini ujue rafu utazitengeneza upya mwenyewe, maana zilizomo ni mzaha.

Nazungumzia lile kabati la ukutani la fremu ya alumini, mlango wa mbele unaoonyesha ndani, na rafu nne za akriliki (plastiki ngumu inayong'aa kama kioo) zilizochongwa mifereji miwili ya kupitisha magurudumu. Linauzwa kwa maneno kwamba limebuniwa mahsusi kwa treni za matofali, yaani zile za kuunda kwa vitofali vya plastiki vya kupachikana. Hayo maneno ndiyo yanayonichemsha. Wangesema ni kabati la kuwekea vitu vidogo, nisingeandika hata mstari mmoja.

Rafu ina urefu wa sentimita 80 na unene wa milimita 8. Akriliki ya unene huo, ikishikiliwa na pini za pembeni tu na kubebeshwa treni ya kilo moja na nusu, inanepa karibu sentimita nzima katikati. Tena huo ni mnepo wa mwanzo. Akriliki ikikaa na mzigo kwa wiki nyingi huendelea kupinda polepole, na ukiuondoa mzigo hairudi yote. Kioo cha kawaida ni kigumu kuliko akriliki zaidi ya mara ishirini kwa unene uleule, kwa hiyo sijui nani alikaa akaamua hivi. Labda ni uzito wa kusafirisha.

Sasa, ukiweka jengo au gari lisilobingirika, mnepo ni kero ya macho tu. Treni ina magurudumu yenye ekseli za chuma, inabingirika kwa kuguswa kidogo, na wao wameiwekea mifereji laini kabisa isiyo na kizuizi hata kimoja. Matokeo yake ni haya. Kichwa chenye mota kinabaki mahali pake kwa sababu gia zinakishika. Mabehewa hayana kinachoyashika. Yanavuta, sumaku za viunganishi zinaachia, na yanateremka kukusanyika katikati. Uzito uliokuwa umetandazwa kwenye rafu nzima sasa uko sehemu moja, na uzito uleule ukirundikana katikati kabisa huzidisha mnepo hadi mara 1.6. Rafu inapinda zaidi, mabehewa yanazidi kujibana. Kosa linajilisha lenyewe.

Rafu inapopinda, ncha zake huvutwa ndani na kuinama. Zingekuwa zimekatwa kwa kipimo, labda zingevumilia. Zangu zilikuwa fupi tangu kiwandani, zimelalia pini kwa milimita mbili tatu tu. Miezi michache iliyopita pini moja ya mbele iliachia, rafu ya pili ikashukia ya tatu na mizigo yake yote. Vilivyovunjika ni vile vipande vyenye vishikizo vyembamba, na bogi moja (fremu ya magurudumu iliyo chini ya behewa) iling'oka. Mengine yalikuwa ya kuunganisha upya, lakini hilo halinipunguzii hasira.

Ila hayo yote ningeyasamehe kama si huduma kwa wateja. Mtu wa kwanza alinijibu kwamba kikomo ni kilo tano kwa kila rafu, kwa hiyo mimi ndiye niliyezidisha. Kilo moja na nusu! Na hicho kikomo ni cha kuvunjika, hakisemi lolote kuhusu kunepa. Nikaeleza. Akaniagiza niweke pimamaji katikati ya rafu nimtumie picha. Jamani. Rafu iliyonepa, sehemu yake ya chini kabisa ndiyo hasa iliyo sawa. Pimamaji ukiiweka pale povu litakaa katikati kwa adabu zake zote. Mnepo unapimwa kwa uzi uliokazwa kutoka ncha hadi ncha, kisha rula kati ya uzi na rafu. Nilipomwambia hivyo, akamaliza: "Rafu ni ya kuonyeshea, si ya kuendeshea. Na hivyo si vitu vya watoto?" Mtu anauza kabati la treni halafu anamcheka mwenye treni.

Kwa aliyekwisha kulinunua, hili ndilo linalofanya kazi. Tafuta alumini yenye umbo la L, milimita 20 kwa 20, unene wa 2. Kata vipande viwili kwa kila rafu, viwe karibu na upana wote wa ndani ili vilalie pini kikamilifu. Kimoja kikae mbele, kingine nyuma, ubavu mmoja ukiangalia chini, na akriliki ilale juu yake. Mnepo unashuka chini ya milimita moja. Usiibandike kwa gundi: akriliki hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya alumini, na ukizifunga pamoja rafu itajipinda siku ya joto. Iache ielee. Ukitaka kuifunga kwa skrubu, toboa taratibu na tundu liwe pana kuliko skrubu, la sivyo utaona nyufa.

Mifereji yao achana nayo. Weka reli halisi: kipande kilichonyooka ni vinundu 16 (vile vichomozo vya kupachikia matofali), yaani milimita 128, kwa hiyo sita vinakaa kwenye sentimita 80 na kubakiza kama tatu. Tofali dogo likipachikwa kwenye vinundu vya taruma (vipande vinavyokingama chini ya reli), kati ya reli, linazuia bogi ya behewa la mwisho. Lisiguse kiunganishi, maana kitakaa kimekandamizwa muda wote. Toa pia betri kwenye kichwa kabla hakijakaa rafuni kwa miezi. Za alkalini zikivuja zinakula vyuma vya mguso.

Niwe mkweli lakini: mlango wao ni mzuri. Ni mzuri mno, na hilo linaniudhi zaidi. Ukanda wa mpira umezunguka pande zote nne bila pengo kwenye pembe, sumaku zinafunga kwa uzito unaofaa, na vumbi haliingii. Anayejua kazi ya kupitisha brashi kati ya vinundu vya paa la behewa, safu kwa safu, anajua thamani ya hilo. Ndani ya miezi yote hii sijalazimika kufuta kitu. Kwa mlango peke yake ningetoa nyota nne, na makabati mengine niliyoyaona hayaufikii.

Nilikuwa nimekata shauri kutoa nyota mbili, alumini ikiwa imeshatatua tatizo na treni zimetulia. Kisha wiki hii wameniletea tangazo la "rafu imara" za kununua kando. Ni akriliki ileile, milimita 10. Kutoka 8 hadi 10 mnepo unapungua kwa karibu nusu, basi. Nusu sentimita bado inatosha kabisa kubingirisha behewa, na mifereji iko vilevile, haina kizuizi. Yaani wanajua. Walikuwa wanajua wakati yule wa pimamaji ananijibu, na sasa wananiuzia dawa ya ugonjwa walioniletea wenyewe. Nyota moja, na hiyo moja ni ya mpira wa mlango.