Kuhifadhi linki za masomo: kipi utumie bure, kipi ulipie

Mwanafunzi wa vyuo vya Malimbe au Bugando, Mwanza, anayeandika tasnifu huwa na linki kila mahali: nyingine kajitumia WhatsApp, nyingine ziko kwenye tabu ambazo hathubutu kuzifunga. Shida kubwa ni kwamba kurasa hufa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilionyesha mwaka 2024 kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuwa zikipatikana tena miaka 10 baadaye. Kwa hiyo tumepanga huduma hizi kwa swali moja kwanza: ukurasa ukifutwa, unabaki na nini? Kisha tukaangalia nafasi ya kuandika maelezo, bando na malipo.

1. Zotero: anza na hii

Ni programu ya kuhifadhi vyanzo na marejeo ya utafiti. Ni bure, na nakala ya ukurasa inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Umeme ukiwepo na bando likiwa limekata, bado unasoma.

Isakinishe kwenye kompyuta, kisha weka kitufe chake kwenye Chrome, Firefox au Edge. Acha Zotero ikiwa wazi. Fungua ukurasa, ushushe taratibu hadi mwisho ili picha zote zitokee, ndipo ubofye kitufe. Ukiwahi kubofya, nakala inaweza kutoka na nafasi tupu palipokuwa na grafu, na utaligundua hilo miezi mingi baadaye.

Tangu toleo la 7 la mwaka 2024 unaweza kuifungua nakala hiyo, kupaka rangi sentensi na kuandika maelezo juu yake. Andika kwa nini umeihifadhi, si muhtasari tu. Mfano: "Sura ya 2. Bei ya dagaa mwaloni Kirumba, mahojiano tu, hakuna vipimo. Linganisha na jedwali langu la msimu wa mvua." Maelezo ya namna hiyo yanakuokoa msimamizi anapouliza chanzo.

Nafasi ya bure mtandaoni ni megabaiti 300, na ukurasa wenye picha nyingi hula megabaiti kadhaa. Ikijaa, mafaili mapya hayapandi, ila maelezo na taarifa za marejeo huendelea kupanda kwa sababu hayahesabiwi. Gigabaiti 2 ni dola 20 kwa mwaka. Mwenye kompyuta moja hana haja ya kulipa: aondoe tiki kwenye usawazishaji wa mafaili (yaani kuyapandisha mtandaoni), bando lipumue, kisha kila wiki afunge programu na kunakili folda nzima ya Zotero kwenye flashi. Ukifungua programu wakati unanakili, nakala inaweza kutoka mbovu. Usiweke folda hiyo ndani ya Google Drive wala Dropbox. Hifadhidata huharibika, na kazi ya mwaka mzima iko humo.

2. Raindrop.io: kwa anayetumia simu zaidi

Ni huduma ya kuhifadhi linki mtandaoni. Ni nyepesi, inapendeza kupanga, na idadi ya linki haina kikomo hata bila kulipa. Ila nakala ya kudumu ya ukurasa iko kwenye huduma ya kulipia tu, karibu dola 30 kwa mwaka. Ukitumia ya bure, ukurasa ukifa unabaki na kichwa cha habari. Kabla ya kulipa, hakikisha kadi yako ya Visa au Mastercard imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Nyingi hukataliwa kwa sababu hiyo. Toa (export) faili la linki zako kila mwisho wa muhula ulihifadhi mwenyewe.

3. Hypothesis: kwa kikundi

Ni huduma ya bure ya kuandika maelezo pembeni ya ukurasa wa mtandaoni. Watu wanne wanaosoma makala moja kuhusu magugumaji wanaweza kujibizana pembeni ya aya yenyewe. Fungua kikundi cha faragha kwanza, maana maelezo ya kawaida huonekana na dunia nzima usipobadili. Haihifadhi ukurasa, na maandishi yakibadilishwa, maelezo yako hubaki hayana pa kushika. Itumie pamoja na Zotero.

4. Alamisho za kivinjari na WhatsApp

Zifanye kituo cha muda tu. Hakuna nakala, hakuna mpangilio, na simu ikiibiwa kabla ya chelezo, zimekwenda.

Ukikuta ushauri wa zamani unaoisifia Pocket, huduma ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye, uruke: Mozilla, watengenezaji wa Firefox, waliifunga tarehe 8 Julai 2025.