Kumfundisha mnyama au kumwacha achague: ipi hufichua anachokiona?

Ukitaka kujua kama macho ya mnyama hudanganywa na maumbo kama yetu, kumfundisha kwa zawadi hukupa majibu thabiti, maana jaribio hurudiwa mara nyingi. Ndivyo ilivyobainika kwamba njiwa, kinyume na sisi, huliona duara lililozungukwa na maduara makubwa kuwa limekua, si kupungua. Ila kazi hiyo hula muda, na mnyama anaweza kukariri alama ndogo usiyoikusudia. Hilo ndilo hunitia shaka zaidi.

Kumwacha achague ni nafuu. Katika utafiti wa mwaka 2021, paka majumbani mwao waliketi ndani ya mraba wa kudhaniwa tu, usio na mistari, uliodokezwa na maumbo kwenye pembe zake. Lakini kati ya 30 waliomaliza majaribio, ni 9 tu waliochagua umbo la kukalia. Mwenye maabara na subira afundishe. Mwenye paka asiyelazimishika amwangalie.